Mkwaruzo wa mbwa si jambo la kupuuza

Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuitahiniwa, lakini nashuku kuwa wengi wetu tuliiacha pale pale darasani. Sikiliza, msomaji, jinsi watu wanavyozungumza kuhusu mbwa. Inapotangazwa kuwa mtu kaumwa na mbwa, kijiji kizima hushtuka: huyu atatafuta pikipiki ya kumkimbiza mgonjwa hospitalini, yule atachukua rungu kwenda kumsaka mbwa. Lakini mtu huyo huyo akisema kuwa mbwa hakumuuma bali alimkwaruza tu kwa kucha, mshtuko hutoweka papo hapo. Ataambiwa apake mafuta, aendelee na shughuli zake.

Ni hilo neno "tu" lililonisukuma kuandika makala haya. Mimi si daktari wa watu wala wa mifugo. Kazi yangu ni kusomesha isimu, na yamkini msomaji atauliza: mwanaisimu na vidonda, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba ushauri wa afya hautufikii kwa njia nyingine isipokuwa maneno. Maneno yakiwa na upungufu, ushauri nao huwa na upungufu, na katika jambo hili upungufu huo waweza kumtoa mtu roho.

Hebu tuanze na kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili, kitenzi "uma" hubeba maana mbili kwa pamoja: kutia meno na kutia maumivu. Nyoka huuma, na jino nalo huuma. Mbwa akikuuma, amekutia meno na maumivu kwa mpigo mmoja. Sasa chukua mtoto aliyerukiwa na mbwa akicheza naye, akabaki na mstari mwembamba mwekundu mkononi. Hakutiwa meno, na maumivu yenyewe yamekwisha kabla hajafika nyumbani. Kwa hivyo tukio hilo linakosa nafasi katika kitenzi hicho kwa pande zote mbili. Mzazi akiulizwa kama mwanawe ameumwa, atajibu kwa moyo safi kabisa kuwa hakuumwa.

Isitoshe, neno "mkwaruzo" limeshushwa thamani na matumizi yetu wenyewe. Kila siku tunasoma magazetini kuhusu mikwaruzano ya wanasiasa, tukimaanisha ugomvi mdogo usiofikia vita, ambao pengine utakwisha kwa kikombe cha chai. Wake na waume hukwaruzana, majirani hukwaruzana, na maisha huendelea. Basi si ajabu kuwa tumbo halitupigi tunaposikia mtoto kakwaruzwa. Lugha imekwisha kutuambia kuwa jambo lenyewe ni dogo.

Ilhali kwa mujibu wa elimu ya tiba, jambo hilo si dogo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama aliyeambukizwa. Virusi hivyo havihitaji jino ili viingie mwilini. Vinachohitaji ni mlango tu, nao mlango huo waweza kuwa tundu la jino, mchano wa ukucha, au kidonda cha zamani kilicholambwa. Vikishaingia, huifuata mishipa ya fahamu polepole hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Katika muda huo wote mtu hujiona mzima wa afya. Dalili zinapoanza, mgonjwa akahangaika, akaogopa maji na kushindwa kumeza, huwa karibu hakuna tena liwezekanalo kufanywa. Ugonjwa huu, baada ya dalili kutokea, huua takriban kila anayeupata.

Pengine msomaji atauliza, ukucha na mate vinakutana wapi? Jibu liko mbele ya macho yetu kila siku. Mbwa hulamba nyayo zake. Mbwa mgonjwa hudondosha mate kwa wingi, mate hayo yakatapakaa kifuani na miguuni pake. Aidha, mbwa anapomrukia mtu, kinywa chake hakiko mbali na kucha zake. Ni kweli kuwa hatari ya mkwaruzo ni ndogo kuliko hatari ya kuumwa kwa meno, na sipendi kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Lakini pale ambapo gharama ya kukosea ni kifo, hata hatari ndogo haifai kuchezewa bahati nasibu.

Shirika la Afya Duniani limeyagawa matukio haya katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la mtu aliyemgusa au kumlisha mnyama, au kulambwa mahali ambapo ngozi haina jeraha lolote. Huyu ataosha mahali hapo, na kama maelezo yake ni ya kuaminika hahitaji chanjo. Kundi la pili ni la aliyeng'atwa kidogo kwenye ngozi iliyo wazi, au aliyepata mikwaruzo midogo isiyotoka damu. Nasisitiza maneno hayo: isiyotoka damu. Huyu anahitaji kuosha jeraha na kuanza chanjo mara moja. Kundi la tatu ni la aliyeumwa au kukwaruzwa hadi ngozi ikapenywa, au ambaye mate ya mnyama yaliingia katika jeraha, macho au kinywa. Huyu anahitaji kuoshwa, kuchanjwa, na kudungwa kingamwili ndani ya jeraha na kando yake. Msomaji atakuwa ameona kuwa mkwaruzo umetajwa katika kundi la pili na la tatu, bega kwa bega na meno.

La kusikitisha ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzieleza tofauti hizo. Kukwaruza ni kupitisha kitu chenye ncha juu ya ngozi kikaacha alama. Kuchubua ni kuiondoa ngozi ya juu. Kuparura ni kuichana kwa kucha, aghalabu damu ikatoka. Mama anayemwambia muuguzi kuwa mwanawe "ameparurwa" au "amechubuliwa" amempa habari nusu ya uchunguzi. Lakini maneno haya tumeyaacha nyumbani. Tufikapo kwenye dirisha la hospitali tunabaki na swali moja, kuumwa au kutoumwa.

Nimeshuhudia jinsi swali hilo linavyoweza kupotosha. Mtoto wa jirani yangu, msichana wa miaka saba, alikwaruzwa shingoni na kitoto cha mbwa kilichookotwa njiani. Mamaye hakuzembea. Alimpeleka kwenye kituo cha afya siku ile ile. Aliulizwa kama mtoto ameumwa, akajibu ukweli kuwa hakuumwa, amekwaruzwa tu. Mtoto akapakwa dawa ya kidonda, wakarudi nyumbani. Siku ya tatu kile kitoto cha mbwa kilikataa chakula, taya la chini likalegea, mate yakawa yanachuruzika, na kesho yake kikafa. Afisa wa mifugo aliyeitwa ndiye aliyewahimiza wakimbilie hospitali kubwa bila kungoja. Mtoto alipata chanjo na kingamwili, akamaliza dozi zote, na hivi sasa anaendelea na masomo yake. Hakuna aliyedanganya katika kisa hiki, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Muuguzi aliuliza kwa nia njema na mama akajibu kwa nia njema. Kilichopungua ni neno la pili katika swali.

Kisa hiki kinatuleta kwenye jina la maradhi yenyewe. "Kichaa cha mbwa" ni jina linalotuchorea picha ya mbwa mwenye macho mekundu, anayekimbia huku na huku akibweka na kumvamia kila amwonaye. Mbwa wa namna hiyo wapo, na kwa bahati nzuri watu huwakimbia. Lakini kuna namna ya pili ya ugonjwa huu, ambapo mnyama hupooza, hulegea na kutulia kama aliyechoka. Anayemwona humhurumia, akamkaribia, pengine akamtia mkono kinywani kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Zaidi ya hayo, mbwa huweza kuwa na virusi katika mate yake siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Vitoto vya mbwa navyo havina kinga ya pekee, ijapokuwa sisi huwapa watoto wetu wavichezee kama mwanasesere. Hata paka, punda na ng'ombe huweza kuambukizwa. Kwa hivyo anayengoja kuona kichaa ndipo aamini kuwa pana ugonjwa, anangoja dalili ambayo huenda asiione kamwe.

Hapa nchini ugonjwa huu si mgeni. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Ulimwenguni kote inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufariki kila mwaka kwa sababu yake. Takriban asilimia 95 ya vifo hivyo hutokea barani Afrika na Asia, na kama wanne katika kila kumi wanaofariki ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Sababu ya watoto kuwa wengi haihitaji kutafutwa mbali. Mtoto hucheza na mbwa, kimo chake humfanya aparurwe usoni na shingoni, karibu na ubongo, na mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Mzazi amchapaye mtoto kwa kucheza na mbwa anamfundisha kuficha mkwaruzo mwingine.

Fauka ya kichaa cha mbwa, kuna maradhi mengine yapitayo katika mlango huo huo. Ukucha wa mbwa hukanyaga udongo mchana kutwa, na katika udongo na samadi mna mbegu za bakteria wa pepopunda. Kinywani na ngozini mwa mbwa, hata aliye mzima kabisa, mna bakteria wawezao kulifanya jeraha livimbe na kutunga usaha. Kwa watu wengi uvimbe huo hutibiwa upesi kwa antibiotiki. Lakini mgonjwa wa kisukari, mzee, aliyeondolewa wengu, mlevi wa kupindukia, au yeyote mwenye kinga hafifu, aweza kushambuliwa na bakteria hao hadi damuni. Mtu akiona kuwa mahali alipokwaruzwa pamekuwa pekundu na pa moto, pamevimba, panatoa usaha, au michirizi myekundu inapanda kuelekea juu, au tezi za kwapani na kinenani zimefura na homa imeanza, basi arudi hospitalini bila kukawia.

Afanye nini basi aliyekwaruzwa? La kwanza na la lazima ni kuosha. Aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Tafadhali zingatia muda huo. Dakika 15 ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mtu akiosha bila saa atachoka baada ya dakika mbili akajiona amemaliza. Kama hakuna mfereji, na amwagiwe maji kwa kata au kikombe. Sabuni ya kipande ya kufulia yatosha. Sabuni hudhoofisha virusi, na maji huviondoa. Baada ya hapo apake dawa ya kuua viini kama vile ya ayodini, ikipatikana.

La pili ni kuepuka yale tuliyorithi pasipo kuyapima. Jeraha halipakwi pilipili, chumvi, tumbaku, mafuta ya taa, udongo, wala majivu. Vitu hivyo huunguza nyama, huingiza uchafu, na huchukua muda ambao ungetumiwa kuosha. Manyoya ya mbwa aliyemdhuru mtu, ambayo baadhi ya watu huyachoma na kuyabandika juu ya kidonda, si dawa. Jeraha lisifungwe kwa kubanwa, na kushonwa kwake kuamuliwe na daktari. Ndugu zetu Waislamu wana taratibu zao za twahara kuhusu mate ya mbwa, ambazo mara moja katika kuosha hutumia udongo. Maswali ya ibada watayauliza kwa mashekhe wao, lakini jeraha bichi lioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwani udongo ndio makao ya pepopunda.

La tatu ni kwenda hospitalini siku hiyo hiyo na kueleza tukio kwa ukamilifu: mnyama gani, wa nani, amechanjwa lini, alifanya nini, na ngozi imeharibika kiasi gani. Mgonjwa aeleze pia alidungwa lini sindano ya pepopunda. Ikiwa mbwa anajulikana, ana afya na amechanjwa, mhudumu ataupima uzito wa jambo hilo. Ila uamuzi huo ni wa mhudumu. Usifanywe na majirani chini ya mwembe.

Kuna hofu moja ambayo hapana budi tuiondoe. Wazee wetu walizoea kusimulia habari za sindano nyingi zilizodungwa tumboni, na kwa sababu ya masimulizi hayo wapo wanaoapa kuwa bora kufa. Chanjo za namna hiyo ni za enzi zilizopita. Chanjo za sasa hudungwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani, kwa dozi chache zinazoanza siku ya kwanza, zikafuata siku ya 3 na ya 7, na nyingine baadaye kulingana na ratiba ya hospitali. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanaruhusiwa kuzipata. Jambo moja ni muhimu: dozi zimalizwe. Kidonda kupona juu ya ngozi si dalili kuwa virusi vimeshindwa.

Na mbwa je? Desturi yetu ni kumuua na kumtupa au kumzika upesi. Kufanya hivyo ni kuupoteza ushahidi. Kama anaweza kufungiwa pasipo kumhatarisha mtu, afungiwe na achunguzwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, daktari aweza kusimamisha chanjo. Akifa, afisa wa mifugo aarifiwe ili achukue sampuli. Lakini mtu asingoje siku hizo 10 ndipo aanze chanjo. Chanjo na uchunguzi wa mbwa huanza pamoja.

Tukitazama mbali zaidi ya jeraha la mtu mmoja, dawa ya kudumu ni kuwachanja mbwa. Wataalamu wamethibitisha kuwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali fulani wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwaua mbwa koko ovyo hakufikii lengo hilo, kwani wengine huja kuchukua nafasi zao, nao hawajachanjwa. Mnamo 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wenye shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030, na kaunti kama vile Makueni na Siaya zikawa miongoni mwa zile za kuanzia. Shabaha hiyo ni njema. Lakini haitafikiwa iwapo mwananchi anayefika hospitalini ataambiwa kuwa chanjo imekwisha, au ataagizwa akainunue kwa fedha asizokuwa nazo. Serikali kuu na za kaunti zikumbuke kuwa chanjo iliyo katika ghala la mji mkuu haimsaidii mtoto aliyeparurwa kijijini leo jioni.

Inafaa tukumbuke pia kuwa elimu hii si mpya. Ilikuwa tarehe 6 Julai 1885 pale Louis Pasteur alipoanza kumchanja mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mvulana huyo akaishi hadi utu uzima. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka wa 1895. Karne nzima na zaidi imepita tangu ulimwengu upate kinga ya maradhi haya, na bado watu wanakufa. Sehemu ya sababu ni umaskini, na sehemu nyingine ni uhaba wa chanjo. Lakini sehemu fulani, na hii yaweza kurekebishwa bila kutumia hata shilingi moja, ni namna tunavyolisema jambo lenyewe.

Ndiyo maana napendekeza kwa Wizara ya Afya, idara za mifugo za kaunti, walimu na watangazaji wa redio wa lugha zetu zote, waache kusema "ukiumwa na mbwa" peke yake. Mabango mengi niliyoyaona husema hivyo na kukomea hapo. Tuseme: "ukiumwa, ukikwaruzwa, au ukilambwa kwenye jeraha." Vitenzi vitatu haviongezi hata mstari mmoja katika bango. Na yule akaaye kwenye dirisha la hospitali asiulize, "Je, ameumwa?" Aulize, "Mbwa amemfanya nini?" Swali hilo halijibiwi kwa ndiyo au la. Humlazimu mzazi asimulie, na katika kusimulia kwake ndipo ukucha utakapotajwa.

Nasi tulio nyumbani tuna wajibu wetu. Leo jioni, watoto warudipo kutoka shuleni, waambiwe kwa upole kuwa mbwa akiwagusa kwa jino, kwa ukucha au kwa ulimi kwenye kidonda, waje waseme, wala hawatachapwa. Na mtoto akija kusema, tumsikilize, tufungue maji, tutafute sabuni, na tutazame saa.